Kutoka Kigali hadi Kiwanja Chetu cha Nyuma

Hotuba iliyotolewa usiku wa maadhimisho ya hekalu, mbele ya wanachama na majirani



Kamati iliponipa heshima ya kusema machache usiku huu, iliniomba nizungumzie ujirani. Mimi ni mfanyabiashara. Elimu yangu iliishia sekondari, na mambo ya ujirani nimeyasoma zaidi dukani kuliko vitabuni. Kwa hiyo sitauzungumzia ujirani kwa maneno ya jumla. Nitawasimulia habari za safari moja, nayo ni safari ya timu yetu ya taifa ya kriketi ya wanawake kwenda Kigali, nchini Rwanda, mwezi wa Juni 2019. Najua baadhi yenu mnajiuliza kriketi na hekalu vimekutana wapi. Vimekutana nyuma ya ukuta wa jengo hili, katika kile kiwanja ambacho mkutano wetu mkuu utakipigia kura mwezi ujao. Nitafika huko, ila naomba mniruhusu nipite njia ndefu kidogo, kwa kuwa jambo hili lina historia.

Kwa majirani ambao hawajauona mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Timu ni mbili, na kila moja ina wachezaji 11. Katikati ya uwanja kuna njia nyembamba yenye urefu wa mita 20 hivi, na kila mwisho wa njia hiyo vimesimikwa vijiti vitatu viitwavyo wiketi. Mrushaji hurusha mpira akikusudia kuviangusha. Mpigaji huvilinda kwa gongo la mbao, na akiupiga mpira mbali hukimbia kubadilishana nafasi na mwenzake. Kila mkimbio ni alama moja. Mirusho sita hufanya ova moja. Wapigaji kumi wakishatolewa, zamu ya timu hiyo imekwisha.

Zamani mechi kubwa ya kimataifa ilikuwa ya siku tano, na hata baada ya siku tano watu waliweza kwenda nyumbani bila mshindi. Ndipo ikatokea kriketi ya ova chache: kila upande hupewa idadi maalumu ya ova, na jua linapozama hesabu imekwisha fungwa. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya namna hiyo kwa wanaume ilichezwa Melbourne, Australia, tarehe 5 Januari 1971. Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huu lilichezwa Uingereza mwaka 1973, na waliolicheza walikuwa wanawake. Wanaume walifuata miaka miwili baadaye. Akina baba tuliomo humu tulishike hilo, maana nitalirudia.

Tangu mwaka 2003 umeenea mtindo mfupi zaidi, wa ova 20 kwa kila upande, ambao humalizika kwa muda wa saa tatu hivi. Sisi wenye kuhesabu gharama tunaelewa maana yake. Mchezo wa siku tano unataka hoteli ya wiki nzima, waajiri wenye subira na mfuko mnene. Mchezo wa saa tatu unaweza kuchezwa mara mbili kwa siku katika uwanja mmoja, na timu nne au nane zikamaliza mashindano yao ndani ya siku chache. Ova chache ndizo zilizoziwezesha nchi zenye mifuko myepesi kutembeleana mara kwa mara.

Hata hivyo kutembeleana kwenyewe ni kwa zamani. Mwaka 1951 timu ya Tanganyika ilikutana na Kenya, na kwa miaka mingi tangu hapo nchi hizi pamoja na Uganda zilikuwa na desturi ya kualikana. Katika miaka ya 1960 Zambia nayo iliingia, yakawa mashindano ya nchi nne yaliyodumu hadi mwaka 1980. Wazee wetu walizifuata safari hizo kwa shauku. Walijua nani amepanda treni kwenda Nairobi, nani amebaki kwa sababu ya duka, na nani kaka yake ameandaa chakula kwa ajili ya wageni wote 11.

Lakini tuseme ukweli kuhusu timu zile. Zilitoka katika vilabu, na vilabu vilitoka katika jumuiya. Kila jumuiya ilikuwa na klabu yake, uwanja wake na lango lake. Nchini Kenya, tangu mwaka 1933, mechi kubwa ya mwaka iliwakutanisha Wazungu na Waasia, kana kwamba nchi haikuwa na watu wengine. Mwafrika alionekana uwanjani akikata nyasi, akibeba maji, au akiuokota mpira uliovuka ua. Mara chache sana alikabidhiwa gongo. Baba zetu hawakuutunga utaratibu huo. Ulikuwa utaratibu wa utawala wa kikoloni, nao waliukuta. Hata hivyo waliishi ndani yake, na utaratibu huo ukaacha alama katika mchezo.

Alama hiyo ilionekana mwaka 1975. Kombe la Dunia la wanaume lilipochezwa kwa mara ya kwanza, Afrika Mashariki ilialikwa kama timu moja iliyokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Katika kikosi cha watu 14, Waafrika weusi walikuwa wawili tu, Sam Walusimbi na John Nagenda, wote wa Uganda. Kila upande ulikuwa na ova 60. New Zealand walipata mikimbio 309, na mpigaji wao mmoja, Glenn Turner, peke yake alipata 171. Timu yetu nzima ilipata 128. Siku nne baadaye, tarehe 11 Juni, tulikutana na India mjini Leeds. Tukapata 120, na India wakaifikia hesabu hiyo bila kupoteza hata mpigaji mmoja. Mwisho tulikutana na Uingereza. Wao 290, sisi 94.

Nilikuwa kijana wa shule wakati huo. Reli ya TAZARA ilikuwa katika hatua zake za mwisho, na baba alikuwa akifikiria kuhamishia biashara yake kutoka Njombe kuja huku Makambako, penye njia panda ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam. Siku ile ya mechi na India, mzee mmoja wa Kibena, rafiki yake baba, alimwuliza dukani kwa utani: "Leo wako ni nani, wale au sisi?" Baba alikuwa na ndugu Gujarat aliowaandikia barua kila mwezi, na swali lile halikuwa jepesi kwake. Alipima sukari hadi mwisho, akafunga kifurushi, kisha akajibu kwamba nyumba ya babu huheshimiwa, lakini mtu huezeka paa la nyumba anayolala. Yule mzee alicheka, akachukua sukari yake. Mimi jibu lile sikulisahau, na leo nina sababu ya kulitaja.

Ndugu zangu, miaka ile jumuiya zetu zilikuwa zimeanza kupungua. Hapa Tanzania sheria ya mwaka 1971 iliyafanya majumba mengi ya kupangisha kuwa mali ya serikali, na familia nyingi zikaelekea Uingereza na Canada. Nchini Uganda, mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Vilabu vilibaki na makabati ya vikombe, bila wachezaji. Mtu aliyeitazama Kampala mwaka 1973 angesema kwamba kriketi ya Uganda imezikwa.

Haikuzikwa, na sababu yake ndiyo kiini cha maneno yangu ya leo. Nchini Uganda mchezo huu ulikuwa umekwisha ingia mashuleni. Shule kama King's College Budo, karibu na Kampala, na Busoga College Mwiri, karibu na Jinja, zilikuwa na viwanja, magongo na walimu waliofundisha kriketi kama walivyofundisha hesabu. Mtoto hakuulizwa baba yake anasali wapi. Kwa hiyo wenye vilabu walipoondoka, wenye shule walibaki wakicheza. Kule ambako mchezo ulikuwa umefungiwa ndani ya kuta za vilabu, ulidhoofika kadiri watu wa vilabu walivyopungua. Sisi wa Tanzania tunalifahamu hilo. Miji kadhaa ya nchi hii iliyokuwa na timu za kriketi wakati wa babu zetu leo haina hata mtoto mmoja anayejua maana ya ova.

Tazameni Uganda walikofika. Mwezi wa Novemba 2023, nchini Namibia, nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilishindania nafasi mbili za Kombe la Dunia la ova 20. Uganda waliwashinda Zimbabwe, ambao ni wakubwa wao kwa mbali, na wakaipata nafasi. Mwezi wa Juni 2024, huko Guyana, walishinda mechi yao ya kwanza ya Kombe la Dunia dhidi ya Papua New Guinea. Siku hiyo Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova nne, akatoa mikimbio minne tu na kuwatoa wapigaji wawili. Mtu huyu alianza kuiwakilisha kanda yetu mwaka 1997, akiwa kijana mdogo, katika timu ya Afrika Mashariki na Kati. Alingoja miaka 27. Na msidhani kwamba yote yalikuwa sherehe: siku chache baadaye West Indies waliwatoa Uganda wote kwa mikimbio 39. Walikula kichapo, wakarudi nyumbani, na hakuna anayeweza kuwanyang'anya ule ushindi mmoja.

Sasa twende Rwanda. Wenye malori mliomo humu mnaijua njia: Iringa, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, mpaka daraja la Rusumo. Rwanda haikuwa nchi ya kriketi. Watoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda waliokulia Uganda, Kenya na hapa Tanzania ndio waliojifunza mchezo huu kwa majirani, na waliporudi kwao baada ya mwaka 1994 waliurudisha pamoja na mizigo yao. Chama chao cha kriketi kilianzishwa mwaka 1999.

Uwanja wao wa kwanza ulikuwa katika shule ya ufundi ya Kicukiro, mjini Kigali. Mahali hapo pana habari nzito. Mwezi wa Aprili 1994 maelfu ya watu walikimbilia katika shule hiyo kwa sababu askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi pale. Askari waliondoka tarehe 11 Aprili, na waliobaki wakaachwa mikononi mwa wauaji. Miaka michache baadaye vijana walicheza kriketi katika ardhi ileile. Nimelifikiria sana jambo hilo. Sidhani kwamba walicheza ili wasahau, kwa sababu wenyewe waliyaita mashindano yao Kwibuka, neno la Kinyarwanda lililo ndugu wa neno letu "kumbuka".

Mashindano ya Kwibuka ni ya timu za wanawake, yalianza mwaka 2014, miaka 20 baada ya mauaji ya kimbari, na nchi jirani hualikwa. Tangu mwaka 2017 wana uwanja mpya huko Gahanga, nje kidogo ya jiji, uliojengwa kwa michango ya watu wa nchi mbalimbali. Jengo lake lina mapaa matatu ya duara yaliyotengenezwa kwa vigae vya udongo wa palepale Rwanda. Wajenzi na mafundi wa matofali wa hapa kwetu wangepatazama kwa jicho la kazi.

Mwezi wa Juni 2019 timu nne zilikutana Gahanga: Rwanda wenyeji, Uganda, Mali na Tanzania. Tangu Julai 2018 Baraza la Kimataifa la Kriketi lilikuwa limekubali kwamba kila mechi ya ova 20 baina ya timu za taifa za wanawake za nchi wanachama ihesabiwe kuwa ya kimataifa kamili. Maana yake ni kwamba binti wa Tanzania aliyepata mkimbio mmoja Kigali aliandikwa katika daftari lilelile wanamoandikwa wachezaji wa India na Australia.

Mali walikuwa wageni kabisa katika ngazi hiyo. Mbele ya Rwanda walitolewa wote kwa mikimbio 6. Mbele yetu, tarehe 22 Juni, Tanzania ilipata mikimbio 285 kwa kupoteza mpigaji mmoja tu, na Fatuma Kibasu peke yake alipata 108. Mali walitolewa kwa 17. Magazeti ya mbali yaliwacheka mabinti wale wa Mali. Mimi siwacheki, kwa kuwa nakumbuka zile 94 zetu za mwaka 1975. Walipanda ndege, wakavaa jezi ya nchi yao, wakasimama mbele ya vijiti siku baada ya siku wakijua kitakachowapata, na wakamaliza mashindano. Kila timu inayoitwa kubwa leo ilipita mahali hapo.

Mwisho wa juma lile Tanzania ilitwaa kombe. Mwaka 2022 mabinti wetu walikwenda tena Kigali, safari hii timu zikiwa nane, wakawashinda Kenya katika fainali na kulirudisha kombe nyumbani. Rwanda nao hawakubaki nyuma: mwezi wa Januari 2023 wasichana wao wenye umri chini ya miaka 19 walicheza Kombe la Dunia nchini Afrika Kusini, wakawashinda Zimbabwe na hata West Indies. Nchi iliyojifunza mchezo ukimbizini imewashinda watu wa visiwa vilivyokuwa mabingwa wa dunia mwaka ule wa 1975 ambao sisi tulikuwa tunatolewa kwa 94.

Naomba sasa mwasikilize kwa majina baadhi ya wachezaji waliovaa jezi ya timu yetu ya wanawake miaka hii: Fatuma Kibasu, Neema Pius, Monica Pascal, Hudaa Omary, Perice Kamunya, Sophia Jerome. Ni majina ya misikitini na makanisani, ya pwani na ya bara. Linganisheni orodha hiyo na ya mwaka 1975. Wapo watu wa jumuiya yetu ambao, wakiisikia, huuliza kwa masikitiko: "Sisi tumekwenda wapi?" Nalielewa swali lao, ila mimi nasikia jambo jingine ndani ya majina hayo. Nasikia kwamba mchezo ambao baba zetu waliupenda hautakufa nasi. Umepata wenyewe wapya, na wenyewe hao wanaupeleka mbali kuliko tulivyoufikisha sisi. Mtu mwenye shamba hufurahi anapoona mche alioupanda unazaa katika ua wa jirani.

Na hivi ndivyo ninavyofika nyuma ya ukuta wetu.

Wanachama wenzangu wanajua, na majirani wana haki ya kujua, kwamba kiwanja kilicho nyuma ya hekalu kimeombwa na wafanyabiashara wa usafirishaji wanaotaka kukikodi chote kwa ajili ya kuegesha malori. Kodi wanayotoa ni nzuri. Paa la ukumbi huu linavuja, na kila masika tunatandaza ndoo. Jumuiya yetu hapa ni ndogo, michango ni ileile kutoka mikono ileile, na watoto wetu wengi wako Dar es Salaam au ng'ambo. Ndugu waliopendekeza tukikodishe kiwanja chote wamefanya hesabu zao vizuri, nao wanalipenda hekalu hili kama ninavyolipenda mimi. Asitokee mtu akawaona kuwa wabaya.

Pamoja na hayo, kiwanja hicho hakijawahi kuwa kitupu. Kila alasiri watoto wa mtaa hupita katika tundu la ua wakacheza kandanda. Wanapita kwa kunyemelea, kwa sababu lango lina kufuli. Mlinzi akiwafukuza hukimbia, akigeuka hurudi. Njombe si mkoa usiojua michezo. Mwaka 2017 timu ya Njombe Mji ilipanda hadi Ligi Kuu, na kwa msimu ule mmoja Simba na Yanga walilazimika kuja kuionja baridi yetu. Tuliona jinsi mji ulivyobadilika. Vinyozi, mama lishe na bodaboda walizungumza jambo moja, na mtu wa jumuiya yoyote aliweza kuingia katika mazungumzo hayo bila kubisha hodi.

Pendekezo langu ni hili. Sehemu ya mbele ya kiwanja, iliyopakana na barabara, ambayo ni kama theluthi moja ya eneo, ikodishwe kwa malori. Kodi yake haitalitengeneza paa kwa mwaka mmoja. Italitengeneza kwa miaka mitatu, na ndoo zetu zitaendelea na kazi kwa masika mawili zaidi. Sehemu ya nyuma ibaki wazi, isawazishwe, na katikati yake tujenge njia moja ya zege ya kuchezea kriketi, yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita mbili na nusu. Saruji na kokoto nitatoa mimi. Mchanga na kazi ya mikono naomba tuchangie pamoja, wanachama na majirani. Kandanda iendelee kama kawaida. Zege likifunikwa kwa turubai na udongo laini halimwumizi mtu.

Naomba pia tuziandikie shule za msingi na sekondari zilizo karibu, ili kila moja ituletee mwalimu mmoja mwenye moyo, na tukiandikie Chama cha Kriketi Tanzania kuomba mkufunzi aje walau mara mbili kwa mwaka kuwafundisha walimu hao. Gharama ya kumlaza na kumlisha mkufunzi haizidi gharama ya karamu moja ya harusi zetu. Uganda wametufundisha kwamba mchezo ukiwa mikononi mwa mwalimu unaishi. Ukiwa mikononi mwa tajiri mmoja unakwenda naye anapohama.

Jambo la tatu linahusu wasichana. Wawe na siku zao maalumu, zilizoandikwa langoni, na siku hizo zisichukuliwe na wavulana kwa kisingizio chochote. Niliwaambia kwamba wanawake waliwatangulia wanaume katika Kombe la Dunia, na kwamba makombe mawili niliyoyataja usiku huu yaliletwa na binti zetu. Akina mama wa jumuiya yetu, ambao kwa miaka yote wameendesha jiko la hekalu hili bila kukosea hesabu ya sahani, naomba wasimamie ratiba ya siku hizo. Nina hakika haitapindishwa.

Jambo la mwisho ni dogo kwa gharama na kubwa kwa maana. Lango la nyuma litakapotengenezwa, funguo ziwe mbili. Mmoja ukae kwa kamati ya hekalu. Wa pili akabidhiwe mwenyekiti wa mtaa kwa niaba ya majirani, kwa maandishi, na kanuni ziwe chache: mchezo usimame wakati wa ibada ya jioni, mifugo isiingie, na anayevunja kioo aseme. Siku itakapofika ambayo sisi tuliobaki hapa tumekuwa wachache kuliko tulivyo leo, nao wakati huo unaweza kufika, lango hilo halitahitaji mtu wa kutoka mbali aje kulifungua.

Baadhi yenu mnaweza kuniuliza kama kweli natarajia mchezaji wa taifa kutoka Makambako, mahali ambapo mwezi wa Julai vidole vinagoma kushika hata kikombe cha chai. Sitoi ahadi hiyo. Mfanyabiashara mwenye akili haahidi faida kabla ya kununua mbegu. Ninachoweza kusema ni kwamba Frank Nsubuga na Fatuma Kibasu, kabla ya Guyana na kabla ya Kigali, walikuwa watoto ambao mahali fulani, siku fulani, waliruhusiwa kuingia uwanjani wakashika gongo. Huo ndio mchango tunaoombwa, na tuna uwezo wa kuutoa.

Wanachama wenzangu, kura ni mwezi ujao. Nawaomba kwa heshima mlipigie pendekezo hili kura ya ndiyo, na ninyi mtakaolikataa, nawaomba mje mkutanoni mtuambie sababu, ili tuamue tukiwa tumesikilizana. Majirani zetu, ninyi hamna kura katika mkutano huo, lakini mna sauti. Viongozi wetu wameketi nanyi meza moja usiku huu, waambieni.